Mgeni wa Sherehe

Kibokoni, Mombasa
Alhamisi, 20 Januari 1994

Ndugu yangu Kanze,

Pokea salamu zangu, na uwagawie wote walio hapo uani kwako. Je, lile goti limekubali kukunjika? Mihogo imeshika? Huko Kaloleni mmepata japo manyunyu, au ni jua hili hili linalotuchoma sisi? Mimi sijambo kabisa. Umri huu wangu unaujua, na bado napanda ngazi za nyumba hii bila kushika ukuta, na vijana wa chini wakipanda husimama katikati wakahema. Macho yangu mazima, meno yaliyobaki yanatosha.

Utaona mwandiko umelala upande, lakini ni wangu. Sikumwita mtu kuniandikia. Ile ngumbaru ya Tononoka mliyonichekea, mkisema mzee mzima anakwenda kubanana kwenye dawati, leo ndiyo inayokusemesha. Na habari yenyewe si ya kupitia kalamu ya mtu mwingine. Nawe isome peke yako.

Salamu zako alizoleta Kahindi zimefika. Amesema ulipiga vigelegele uliposikia kwamba nimepatana na Kadzo, na kwamba wewe na wazee wa kwetu mnajitayarisha kupanda Wundanyi kumshukuru yeye na mumewe kwa jinsi walivyonipokea. Basi kabla hujafunga mzigo, nisikilize.

Wajua mambo yalivyokuwa. Wazee wa yule Mtaita, Mwakio, walikuja hapa mara tatu kumposa Kadzo, na mara tatu niliwaacha barazani mpaka wakachoka wakaondoka. Wewe hulisema hilo kila tukionana, na mimi nakujibu vile vile: binti alikuwa wangu. Kadzo akaolewa bila mimi. Nami nikala yamini mbele ya watu, msahafu mkononi, kwamba mguu wangu hautavuka kizingiti cha nyumba yake. Mwaka wa tisa huu. Nimekalafati vyombo Liwatoni maisha yangu yote, nikaziba kila ufa kwa pamba na mafuta, na hakuna nahodha aliyerudi kuniambia chombo chake kinavuja. Mtu wa kazi kama hiyo akisema neno, limesemwa.

Lakini tangu mama yake Kadzo afariki, nyumba hii ni kubwa, Kanze. Ni chumba kimoja, lakini ni kikubwa. Napika chai ya watu wawili kwa mazoea, nyingine naimwaga. Barazani wa rika langu tulikuwa saba, sasa tumebaki mimi na Zein, na Zein akishaswali magharibi wajukuu humjia kumshika mkono wakampeleka ndani. Mimi hubaki nikijifanya nangoja upepo.

Sasa yuko Kioko, dereva wa lori linaloleta kabeji na nyanya za Taita pale sokoni Kongowea. Siku moja alinihadithia kwamba huko Wundanyi wamepanga siku ya sherehe ya msimu wa joto. Barabara itafungwa, kila nyumba itatoa meza na masufuria nje, watu watapika, watakula na kucheza ngoma barabarani, na mpaka jioni hakuna atakayekaa ndani. Aliposema hivyo, nilipata wazo ambalo wewe na wazee wako wote hamkulipata kwa miaka tisa. Yamini yangu ni ya kizingiti. Barabara haina kizingiti. Kama nyumba nzima ya Kadzo itatoka nje, nitamwona yeye na watoto wake, na kiapo changu kitakuwa kizima. Nikamwambia Kioko aniwekee nafasi mbele, nina shughuli huko.

Nikanunua halua ya nusu ratili, nikavaa kanzu yangu ya Idi na kofia ya vito. Tulipofika wengine walinipisha njia wakidhani ni kadhi. Msimu wa joto wenyewe, ndugu yangu, niliwakuta wamevaa masweta! Ukungu umekaa juu ya mabati kama mtu aliyekuja kudai. Sikuhisi baridi, nilitetemeka kidogo tu kwa sababu ya safari.

Sherehe ilikuwa ya kweli, sitawanyima haki yao. Barabara moja ile, inapinda na mlima, na kila mlango una meza yake. Kina mama wa kanisani wamefunga leso za namna moja wanaimba, vijana wanashindana kukimbia ndani ya magunia, na ngoma ipo chini kwenye kona huioni ila unaisikia tumboni. Mbuzi walichinjwa. Lakini kila mtu alikula mlangoni kwa wenyeji wake. Nikipita, wananiamkia vizuri, kisha wananiuliza, mzee, wewe ni mgeni wa nani? Wa kwanza nikamwambia ni mgeni wa sherehe. Akacheka, akanipa sahani ya kimanga, ile mihogo yao ya kuponda na maharagwe, nikala nimesimama. Wa pili akauliza vile vile, na wa tatu. Watu wote wale, na kila mmoja alikuwa wa mtu. Mama mmoja mwenye maneno aliwaambia wenzake kwamba huyu babu wa Mombasa ametafuta mke wa mlimani sasa amepoteza nyumba. Wakacheka sana. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Nyumba ya Kadzo niliijua kabla sijaambiwa, kwa sababu ya harufu ya nazi. Amenenepa kidogo. Amesimama nyuma ya sufuria ya wali, mwiko mkononi, kiuno amekifunga vile vile ulivyomfundisha wewe. Nikasimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya watu, nikamtazama. Hapo ningeweza kukaa mpaka jioni nikaridhika.

Mara akaita. Kenga! Kenga, njoo hapa upesi!

Kanze, damu ilinipanda. Nilisema moyoni, amefika huko? Binti aliyetoka mgongoni mwangu aniite jina langu tupu mbele ya kadamnasi, kama anayeita muuza maji? Nikaitika kwa sauti yote niliyo nayo, naam! ili aone aibu. Watu wakageuka. Na hapo hapo kitoto kikanipita kwenye magoti, hindi la kuchoma mkononi, kikamkimbilia. Ndicho kilichokuwa kinaitwa.

Sikujua kama yupo Kenga mwingine duniani. Sikutegemea, maana baba yao ni Mtaita, na majina ya watoto huwa ni ya kwao. Wewe ulijua, usikane. Ulijua ukaninyamazia, nami sikulaumu, maana kila ulipoanza kumtaja Kadzo nilikuwa naondoka.

Kadzo akaniona. Aliweka mwiko chini, akajifuta mikono, akasema shikamoo, baba, karibu nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma yake, mlango wazi, na hicho kizingiti nikakiona, ubao tu, umelika katikati. Nikamwambia nimepita tu.

Unajua alirithi kichwa cha nani. Akasema, haya, pita salama. Akashika mwiko wake. Yule mtoto akamuuliza mama yake mzee huyu ni nani, na Kadzo akamjibu kwamba ni mzee anapita tu.

Basi ndivyo nilivyopokewa, Kanze. Yale mengine uliyosikia kwa Kahindi, kwamba nililala kwao siku mbili, kwamba Mwakio alinichinjia mbuzi na kunipa kitanda chake, kwamba watoto waligombania halua, niliyasema mimi barazani, nikayatia chumvi kila aliponiuliza mtu mpya. Siku mbili hizo nililala Voi, nyumba ya wageni, nikitazama dari, ili nisirudi mapema watu wakajua. Halua aliila mwenye nyumba hiyo ya wageni. Wale wanaokuja kunywa kahawa barazani walifurahi mno, Zein akatokwa na machozi, nikashindwa kurudi nyuma. Lakini wewe siwezi kukuacha upande mlima mzima ukawashukuru Kadzo na mumewe kwa mbuzi ambaye hawakumchinja.

Nilimwuliza Zein kama jambo la mtu mwingine, mtu aliyekula yamini akitaka kuivunja afanyeje. Akasema alishe maskini kumi, asiyeweza afunge siku tatu. Leo ni siku yangu ya pili. Barazani wameona sinywi kahawa, wanadhani ni sunna tu, wananisifu ucha Mungu, nami nimewaacha wanisifu. Kesho namaliza, na Jumamosi Kioko anapanda.

Kwa hivyo ninyi ngojeni kwanza. Sherehe imekwisha, barabara imefunguliwa, watu wamo majumbani mwao, na safari hii sina umati wa kusimama nyuma yake. Nitapiga hodi. Sisemi nilikosea kuhusu wale wazee, hilo usilitarajie. Na Kadzo akitaka kuniacha nje mpaka nichoke, anayo haki, nitakaa hapo hapo. Ila yule mtoto akiuliza tena mimi ni nani, nataka niwe karibu nimjibu mwenyewe.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Lile goti ulikande kwa mafuta ya ufuta ya moto, usiku na asubuhi. Uwe na afya, ndugu yangu, na uniombee njia.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja,

Kenga wa Chonga