Sitini Mpaka Chini

Jumatatu, 4 Machi
Nimerudi kazini. Tangi la gundi limesuguliwa, linang'aa, kama halijawahi kumuunguza mtu. Wiki mbili tangu tumzike shemeji, na sauti yake bado iko pale ngazini: joto likipanda digrii kumi, mwendo wa dawa kuchemkiana unazidi mara mbili, likipanda ishirini, mara nne! Vibarua walimbandika jina la Mara Nne. Leo hakuna aliyelitaja.

Jumatano, 6 Machi
Maziwa niliyoyasahau dirishani yamechacha kabla ya adhuhuri. Ya kwenye friji mazima. Maziwa yale yale, tofauti joto tu. Nikamwaga yote mawili.

Basi niandike. Daftari hili linalala kwenye droo ya jikoni, hasomi mtu.

Siku ile maji ya kupoza tangi yalikuwa yanachuruzika tu. Sikujua — sikupanda kusoma kipimajoto. Karatasi ya joto nilishaijaza saa mbili asubuhi: sitini, sitini, sitini mpaka chini. Ndivyo tunavyofanya sote, tunywe chai kwa raha. Sote isipokuwa shemeji. Saa tano akaja kumimina kigumishi, ile dawa ya kuigandisha gundi. Akaitazama karatasi, akasema mwandiko wa shemeji yake unamtosha. Tangi lilikuwa digrii themanini. Likafoka lote, likammwagikia.

Alhamisi, 7 Machi
Meneja kasoma ripoti mbele yetu. Eti marehemu alifanya pupa. Nikaitikia kwa kichwa. Mimi!

Jumamosi, 9 Machi
Dada yuko sebuleni. Kaja na nakala ya ripoti, karatasi yangu imebanwa nyuma yake. Anasema mumewe hakuwa mtu wa pupa, hata chai alikuwa akiipuliza mpaka inapoa. Wanawe hawatakua wakisikia baba yao alijiua kwa haraka zake. Anataka nimsaidie kuwajibu wale wa kiwandani.

Kavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Kaka, tangi lilifoka saa ngapi vile?"

"Saa tano."

Kidole kikaendelea kushuka.

"Sasa hii sitini ya saa sita, nani alipima? Na hii ya saa saba?"

Nikasema ngoja nikuletee maji.

Naandika nimesimama jikoni, bilauri imejaa zamani. Sahihi yangu iko chini ya ukurasa, na mwandiko wangu anaujua tangu utotoni. Ameacha kupekua karatasi. Ananiita tena, polepole, na safari hii hasemi kaka. Ananiita kwa jina.