Nguva wa Mtongwe

Dada Rukia,

Shikamoo. Huku Mtongwe kuna joto jingi, lakini ujinga umelizidi.

Asubuhi wavu wa binamu yetu Bakari ulinasa nguva. Bakari akasema ni samaki, hachinjwi. Wenzake wakasema ni mnyama, lazima achinjwe. Wakaagiza kisu, na ili asife kabla hakijafika, wakamkandamiza chini ya maji!

"Mwinueni pua!" nikawakemea. "Huyu hupumua hewa kama ninyi, na hunyonyesha. Ni jamaa wa tembo."

"Tembo! Kaka, na mkonga kauacha wapi?" Bakari akacheka.

Hata hivyo walimwinua. Nguva akapumua kwa kishindo, akamlowesha Bakari uso mzima. Nikawaambia kwamba bahari za baridi zilikuwa na nguva mkubwa zaidi, watu wakamla mpaka akatoweka duniani.

"Hapa wapo tele," Bakari akajibu.

Nikamwuliza nguva mwingine alimwona lini. Akafikiri sana, akasema ni zamani, marehemu baba yake alipokuwa hai. Kisha akaukata wavu wake mwenyewe, nguva akaenda zake.

Mungu akutunze, dada. Nikirudi nipikie changu wa nazi. Huyo ni samaki bila ubishi.

Mdogo wako,
Athumani