Baba Mkwe Kaigeuza Sili, Nami Nafuta Oili Alfajiri

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, na ukicheka sitakulaumu, maana hata mimi nacheka huku nimeshika kichwa. Mimi ni dereva wa pikapu ya kusambaza magodoro, naishi na mume wangu na baba yake, dereva mstaafu ambaye tangu aache kazi alikuwa kimya tu sebuleni, mpaka siku pikapu ilipoanza kuvuja oili mbele ya injini, akakunja mikono ya shati akasema, “Hiyo ni oili sili tu mkwe wangu, fundi wa nini na mimi nipo?” Basi akaingia uvunguni anaimba, mshauri, mzee anaimba! Akaing’oa sili ya zamani, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke, kwa bisibisi, akagongelea mpya kwa nyundo, upande wenye springi akauelekeza nje eti tuione ikianza kuchoka, nikamwuliza, “Baba, una hakika?” akanijibu, “Mwanangu, nimeendesha malori wewe hujazaliwa,” na kesho yake oili ikamwagika kuliko mwanzo.

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Kila alfajiri natoka kwa kunyata, nafuta sakafu chini ya pikapu kwa maboksi, naongeza oili, akiamka namwambia, “Kavu kabisa, Baba!” naye anapiga makofi, anakula vizuri, anatania hadi wapita njia, na mume wangu anasema hajamwona hivi tangu mama yake alipofariki. Sasa amejitangaza mtaa mzima, na jirani yetu mkunga, ambaye gari lake ndilo linalomfikisha kwa wajawazito, atalileta Jumamosi abadilishiwe sili. Nikisema, namvunja moyo. Nisiposema je?

Mkwe wa Maboksi

Mkwe wa Maboksi, nimecheka sana, nikaacha niliposoma habari ya mkunga. Hongera kwa kupata baba mkwe wa namna hiyo. Lakini umeniudhi, ndugu yangu. Mzee kakosea mara moja, wewe unakosea kila alfajiri! Upande wenye springi hutazama ndani, kwenye oili, ndipo uizuie isitoke. Siku utakayosahau kuongeza, injini itakufa barabarani na magodoro yako juu. Na mama akiwa kwenye uchungu, mkunga amekwama njiani, utafuta kwa boksi gani?

Pikapu isitoke leo. Mwoneshe mzee ile oili, umwambie kwa heshima, “Baba, nilikudanganya kwa sababu nilipenda kukuona umefurahi.” Atanuna. Mwache anune, mpelekee chai. Kisha fundi aje hapohapo nyumbani, aiweke sili inavyotakiwa mzee akiona, na akague shafti, chuma kinachozunguka katikati ya sili, kama bisibisi haikuikwaruza, maana ikiwa na mkwaruzo hata sili nzuri itavuja. Gari la mkunga liende kwa fundi huyohuyo, na mkunga umwambie mwenyewe, leo, usimtume mume.

Halafu fikiri kidogo. Mzee hakuingia uvunguni kwa kupenda sili, alikuwa anatafuta kuhitajiwa. Injini ikipona, mwombe mtoke pamoja kusambaza magodoro: barabara anazijua kuliko wewe, na pikapu yako ina viti viwili.