Zege la Siku Nne

Jumatatu, 3 Machi

Semina kutwa nzima: misingi ya kusimamia miradi. Meneja wetu — tunamwita Bwana Projekta, hatembei bila mashine yake — alinguruma mbele yetu. Lengo liwe moja. Kila mtu ajue kazi yake. Hatari iandikwe mapema! Tukapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumemwaga zege la juu, wodi mpya ya wazazi hospitalini. Fundi mkuu kapaza sauti mpaka imekauka. Kasema ile miti iliyolishikilia isiguswe kwa wiki tatu, hata aje nani. Ratiba naishika mimi, nimeandika: itolewe tarehe 27.

Jumatatu, 10 Machi

Mgeni rasmi wa kufungua wodi kabadili tarehe, anakuja Ijumaa hii. Bwana Projekta kaamuru miti itolewe, vitanda vitandikwe, wazazi waletwe wapigwe picha. Nikasema zege lina siku nne tu.

“Dada yangu, ratiba ni mtumishi, si bwana.”

Wakacheka — wale wale wa makofi. Nikamfungulia daftari la hatari, akalifunga kwa kiganja. Marashi yake yamebaki kwenye jalada. Nimelisugua kwa spiriti, bado linanuka.

Jioni kaja wifi yangu, mkunga wa hospitali hiyo hiyo. Furaha tupu! Kasema wamechoka kuzalisha kwenye korido, wifi mmetusitiri. Nikamkaribisha chai. Basi.

Jumanne, 11 Machi

Fundi mkuu kagoma mbele ya vibarua wote. Kasema yeye hajengi kaburi. Kafukuzwa kabla ya saa nne.

Kisha Bwana Projekta kanijia na fomu: zege lilimwagwa tarehe 13 Februari. Februari! Kuta zilikuwa hazijafika hata madirishani. Kanipa kalamu yake, kaniuliza habari za wanangu, mmoja mmoja, kwa majina.

Nimesaini.

Nimenawa mikono mara tatu. Ujinga. Uchafu hauko mikononi.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimempigia wifi, nimemwambia yote, na sahihi pia. Kaniuliza: “Juzi unaninywesha chai, ulikuwa unajua?” Kakata simu.

Saa tatu. Vibarua wapya wamefika na nyundo. Nimeingia chini ya zege, nimekaa kwenye ndoo. Wakigonga miti, litaniangukia mimi kwanza. Hawagongi. Bwana Projekta yuko nje, anafoka nitoke, mara ananibembeleza. Ndani hakanyagi, hata hatua moja — kumbe anajua! Mwili unanisisimka kwa karaha.

Wifi kaja na wakunga wawili, sare zimepigwa pasi. Hajanisalimia. Kapindua ndoo nyingine humu chini ya zege, kakaa, mgongo kanipa.

Naandika humu humu, juu ya magoti. Bwana Projekta anaongea na simu, kaziba sikio moja:

“Ndiyo mheshimiwa. Kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa —”