Gundi Iliyobaki Kwenye Kifuniko

Mjukuu wangu Wambui,

Bwana asifiwe. Huku Mountain View tu wazima, na babu yako, guka, amepona kikohozi. Unauliza kama umkabidhi mwenye mashua huko Naivasha leo kishikio chake cha kamba ulichokibandika kwa gundi, maana anakuharakisha.

Mimi nilikabidhi kimoja kama hicho, nikiwa fundi mchanga River Road, Julai yenye baridi. Nilimwomba Mungu gundi ikauke upesi, nikaigusa juu, nikaridhika. Mteja kuvuta kamba, kishikio kikang'oka. Nilijua nimefutwa kazi. Bosi wangu, Mzee Harjit, akainua kifuniko cha soda chenye masalio ya gundi ileile, akayabonyeza kwa ukucha.

"Dada, ungeuliza hii kwanza. Ukucha bado inaingia."

Jibu la maombi yangu lilikuwa mezani.

Bonyeza masalio ya gundi yako. Ukucha ukiingia, mwambie arudi Jumatatu. Akinuna, mpe chai. Harjit alinipa mimi, na kesho yake nikarudi kazini.

Nyanya yako, Cucu