Jina la Dada Chepchumba

Jumatatu, 15 Julai 1996

Mvua ya mawe tangu saa nane usiku. Majani ya chai yametobolewa kama kichungi. Kilo saba tu leo – mimi, ambaye wiki jana nilichuna arobaini na mbili kabla ya chai ya saa nne! Karani wa kituo alipima mara mbili. Alidhani mzani umeharibika.

Sasa jambo kubwa. Janeffer, bibi ya kijana wangu Kiplangat, atajifungua wiki hii. Daktari amesema huyu awe wa mwisho. Na Kiplangat ndiye mtoto wangu wa pekee. Kwa hivyo akiwa msichana, lazima apewe jina la marehemu dada yangu, Chepchumba. Dada alikufa mwaka jana pale Boito, bila mume, bila mtoto. Miguu yake ilifika Lodwar, Juba, Lusaka, na mahali pengine ambapo hata mwalimu wa jiografia hajui. Mtu kama huyo apotee hivi hivi kama kuku? Asipoitwa sasa, nani atamwita tena?

Jumanne, 16 Julai 1996

Roret, kwa Kogo Taprandich. Ni shangazi yangu, lakini sisi wote tunamwita Kogo, nyanya, kwa sababu ya umri. Ndiye anaita majina katika ukoo wetu. Mtoto akizaliwa, wamama wanaingia ndani, wanataja wafu wetu mmoja mmoja. Jina likitajwa na mtoto apige chafya, basi huyo ndiye amerudi. Wanaume tunakaa nje. Kanisa linanyamaza tu – bibi ya pasta mwenyewe ndiye anashika mtoto!

Nikamwambia Kogo, tafadhali umwite Chepchumba.

"Yule aliyelala na chui Lodwar?"

"Ndiyo, Kogo."

"Aliyevuka mto juu ya mgongo wa mamba? Aliyevunja jela ya Juba na mwiko?"

"Huyo huyo!" Kifua mbele.

"Siiti. Mtoto atazaliwa leo, kesho anauliza barabara iko wapi."

Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Hizo hadithi ni zangu! Nimezipika mimi, miaka ishirini, pale Litein kwa Onyancha fundi wa baiskeli. Onyancha hucheka mpaka spana inamwanguka. Hakuna mtu aliniamini hata siku moja. Kumbe Kogo aliamini yote!

Na ni makosa ya dada pia. Alikuwa hasemi. Ukimuuliza Juba ikoje, anajibu, "Joto." Basi. Sasa mimi ningefanya nini? Nilijaza.

Alhamisi, 18 Julai 1996

Sokoni Litein. Nimemtafuta Nyatichi, yule mama wa Keroka anayeuza ndizi. Yeye na dada walipika pamoja kambi za watengeneza barabara kule Turkana, miaka ya sabini. Nikamwomba aniambie kitu kimoja cha kweli juu ya dada.

"Wewe, Kipkurui? Ukweli? Uko mgonjwa?"

Alipomaliza kucheka, akaniambia. Siku moja bibi ya msimamizi alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Dereva naye ana malaria, anaongea na mamake aliyekufa zamani. Dada hakuwa ameshika usukani maisha yake yote. Alikuwa anaangalia tu miguu ya dereva kila siku wakienda kuteka maji. Akafunga leso kiunoni, akapanda lori. Kubadilisha gia hakujua, kwa hivyo walienda na gia ya pili mpaka hospitali ya misheni – masaa kumi na moja! Kila mto mkavu anashuka, anapima mchanga na mguu, anapanda tena. Nyatichi alikuwa nyuma anamshika mgonjwa. Anasema dada aliimba nyimbo za kanisa njia yote, na hakujua hata moja mpaka mwisho.

"Na breki?" nikauliza.

"Breki gani? Alisimamisha lori na seng'enge ya hospitali."

Mama alipona. Mtoto pia.

Nimesimama hapo na ndizi begani kama mjinga. Gia ya pili! Na mimi nimepoteza miaka ishirini na mamba. Lakini hiyo ni damu yetu. Hata mimi ningeweza. Mimi ningefika gia ya tatu.

Ijumaa, 19 Julai 1996

Msichana! Kilo tatu na nusu. Analia kama tarumbeta.

Jumamosi, 20 Julai 1996

Janeffer ametoka hospitali. Kogo amefika mchana, na Onyancha naye akaja kusalimia – siku zote hizo, akachagua leo! Nikasema basi, kufa ni kufa. Mbele yao wote nikakubali kwamba nilidanganya.

"Kwa hivyo hakuna chui?" Kogo akauliza.

"Hakuna."

"Mamba?"

"Hapana, Kogo."

Onyancha alikuwa anauma midomo kwa kicheko, machozi yanatoka. Nikawaambia ya lori, vile Nyatichi alisema, bila kuongeza hata kilomita moja. Hakuna aliyecheka tena. Kogo alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho.

"Huyo nitamwita," akasema. "Lakini mara moja tu. Mtoto asipopiga chafya, naendelea na wengine." Halafu akasema, "Yule chui nilikuwa nampenda."

Jumapili, 21 Julai 1996

Tumetoka kanisani, wamama wameingia jikoni na mtoto. Mimi niko nyuma ya jikoni, nimekalia debe, daftari juu ya goti. Sichungulii. Naandika tu.

Kogo anaita. Mama yangu kwanza. Kimya. Nyanya yetu. Kimya. Sasa ni majina manne. Mtoto huyu ana pua ya chuma!

Kuni zao ni mbichi. Moshi unapita kwa ukuta, unanijia usoni. Siondoki.

Ndiye huyo! "Chepchumba, ni wewe?"

Mungu wangu. Nimepiga chafya. Mimi! Kubwa, hata kuku wametawanyika.

Lakini ndani ya hiyo yangu kulikuwa na nyingine. Ndogo, kama ya paka. Niliisikia. Hii sijaongeza chumvi hata punje!

Wanabishana huko ndani. Mmoja anasema ni mtoto, mwingine anasema ni ng'ombe. Kogo amewanyamazisha. Amekuja dirishani.

"Kipkurui! Hiyo chafya ni yako ama ni ya mtoto?"

Ni zote mbili, Kogo. Zote mbili! Ndiyo ukweli. Naandika hapa, mdomo bado sijafungua, maana nani ataniamini? Onyancha amesimama pale kwa ua, ananiangalia, tayari ameanza kutabasamu.

Kogo anauliza tena.