Neno Athari kwenye Ubao wa Mninga

Jumatatu, 1 Septemba
Mgongo unauma. Tangu asubuhi napiga msasa ubao wa mninga. Kibao cha ile taasisi ya chuo kikuu anakofanya kazi binti yangu Fausta. Walianza na chumba kimoja na feni mbovu, sasa wana ghorofa yao. Kazi yao kutafuta wenye mitaji waweke kwenye biashara za watu wa chini. Wao wapate faida, watu nao wajikwamue. Kibao wamenipa mie. Wangempa nani? Mwenge nzima, soko lote la wachongaji, hakuna mkono kama huu.

Jumatano, 3 Septemba
Fausta kaleta maneno ya kuchonga. TAASISI YA UWEKEZAJI WENYE ATHARI KWA JAMII. Kusoma kwangu kwa kuokoteza, ila hilo nimelisoma mara moja. Athari. Mafuriko yana athari. Pombe ya gongo ina athari. Nani anatangaza mlangoni kwake kwamba anadhuru watu? Fausta kasema kwa wasomi athari huwa nzuri pia. Wasomi gani hao. Sichongi.

Ijumaa, 5 Septemba
Kaja mkubwa wao, daktari asiyetibu. Shikamoo kanipa vizuri. Kakaa kwenye gogo, kaeleza mpaka soda ikaisha. Jina limeshapitishwa, halibadiliki. Nikamwambia aweke "manufaa", ushauri wa bure. Akacheka. Sipendi kuchekwa.

Bakari wa kibanda cha pili akadakia: "Mzee Damiani, mkeo kakuathiri maisha yote na bado unapendeza."

Watu wakaangua kicheko. Bakari huyo hata sikio la tembo akilichonga halimtoki. Eti yeye neno hilo atalichonga hata kwa meno.

Jumamosi, 6 Septemba
Hasira tupu. Fausta kaja nyumbani Temeke, hajagusa chakula. Ufunguzi Jumatano. Kumbe wenzake walitaka kibao cha chuma. Yeye ndiye aliyesimama kikaoni kunitetea, na mkataba wake wa kazi unaisha mwezi huu.

"Baba, mie nimekutaja wewe mbele za watu."

Mama yake ananikata jicho. Nyumba nzima inaniudhi.

Jumapili, 7 Septemba
Sikwenda kanisani. Nimechonga TAASISI YA UWEKEZAJI WENYE. Nikaruka. Nikachonga KWA JAMII. Bakari kachungulia, kauliza pengo la nini. Nikafunika ubao kwa gunia.

Jumanne, 9 Septemba
Nimelichonga. Kwa kulichukia nikaenda polepole, patasi ndogo, lisije likasema mkono umezeeka. Limetoka zuri kuliko mengine yote. Ukisimama mbali jicho linakwenda hapohapo. Upuuzi mtupu.

Jumatano, 10 Septemba
Kibao kiko juu. Wageni wamekipiga picha. Fausta kanishika mkono, kawaambia huyu ndiye baba yangu. Wakasifia neno lile lile. Nilikuwa na la kusema.

Nikamwangalia mtoto. Nikawaambia asante.